Nani Ana Ufunguo wa Sanduku?

Makao ya watoto niliyolelewa yalikuwa na sanduku la maoni. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya bluu, limepigiliwa misumari ukutani nje ya ofisi ya mkuu wa makao. Liliwekwa juu kidogo, kiasi kwamba sisi wadogo tulisimama kwa ncha za vidole ili kulifikia. Lilikuwa na tundu jembamba la kutumbukizia karatasi na kufuli dogo la njano. Ufunguo wa kufuli hilo ulikaa kwenye fungu moja na ufunguo wa stoo ya chakula, na fungu lenyewe lilining'inia kiunoni mwa mkuu.

Ushikeni vizuri huo ufunguo, wadogo zangu, maana habari yote ya leo inauzunguka.

Nilikuwa na mwenzangu wa dabodeka. Yeye alilala juu, mimi chini. Alikuwa na miaka 12, nami 11. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, wenye ndugu tulipanga foleni kupiga simu ya ofisi, dakika tano kila mtu. Mwenzangu alikuwa na bibi tu. Bibi huyo hakuwa na simu. Kila Jumapili alitembea hadi kwa jirani aliyekuwa nayo, akakaa kibarazani kusubiri iite. Siku moja mwenzangu alichelewa kurudi kutoka mpirani, na mlezi wa zamu akamwambia: huna simu mpaka nitakapoamua mimi.

Jumapili mbili zikapita. Ya tatu ilipokaribia, alichana ukurasa wa daftari la hesabu akaandika. Najua alichoandika kwa sababu alinisomea usiku, chini ya shuka. Aliomba aruhusiwe kuongea na bibi, kwa kuwa bibi atadhani anaumwa. Kama ni lazima aadhibiwe, aliandika, basi afue mashuka ya bweni zima. Akaikunja karatasi mara nne, akaitumbukiza sandukuni baada ya chakula cha usiku.

Asubuhi, mstarini, mkuu alikuja nayo mkononi. Akaisoma kwa sauti mbele ya watoto wote, akiigiza sauti ya mtoto mdogo. Alipofika kwenye mashuka, watu wakacheka. Mimi nilicheka nao, kwa sababu anayecheka haulizwi chochote. Mwenzangu alikuwa mbele yangu, nikaona masikio yake yakitetemeka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika tena. Buibui akatanda kwenye lile tundu. Walipokuja wageni na wafadhili walioneshwa sanduku, wakaambiwa watoto hapa wana uhuru wa kusema, wakalipiga picha.

Bibi tumwache kwanza pale kibarazani. Nitarudi kwake.

Sitaki mumwone yule mkuu kama zimwi. Misaada ilipokatika alikopa unga kwa jina lake mwenyewe ili tusilale njaa. Lakini aliamini jambo ambalo watu wazima wengi wanaliamini mpaka leo, kwamba mtoto wa makao anayelalamika ni mtoto asiye na shukrani. Unakula, unalala, unasoma, unataka nini tena? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yaani siku ya tatu si mgeni tena, ni mwenye nyumba kama wengine. Mtoto wa makao anaweza kushika jembe miaka kumi na bado akatakiwa kuwa na haya ya mgeni. Mtoto wa nyumbani akisema chai haina sukari, ametoa maoni. Wa makao akisema hivyo hivyo, ametukana wafadhili. Naona hilo si haki, nami nalisema nikijua kwamba nilikunywa chai hiyo kwa miaka sita na ninaishukuru. Shukrani na malalamiko hukaa katika kinywa kimoja bila kugombana.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari za makao mengine yaliyokuwa na sanduku. Hayo yalikuwa mbali sana na kwetu, katika jiji la Warsaw, nchini Poland. Aliyeyaongoza alikuwa daktari wa watoto aitwaye Janusz Korczak. Jina la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Korczak lilikuwa jina lake la kuandikia vitabu. Mwaka 1912 makao hayo yalifunguliwa katika mtaa wa Krochmalna kwa ajili ya yatima wa Kiyahudi, na Korczak akayaongoza pamoja na mlezi mkuu, Stefania Wilczyńska. Watoto walikuwa wapatao 100, wengi kutoka familia fukara sana.

Sanduku la Korczak lilikuwa la barua. Aliona kwamba yapo mambo ambayo ulimi wa mtoto hauyawezi uso kwa uso, lakini kalamu inayaweza. Aliona pia kwamba mtoto anayeandika hupata nafasi ya kupima mwenyewe: hili ni dogo, litapita, hili ni kubwa, nilieleze vizuri. Naye mlezi, jioni kelele zikiisha, hupata utulivu wa kusoma na kufikiri kabla ya kujibu. Wanaandikiana watu wawili, hakuna mstari wala kicheko.

Wala hakuishia kwenye sanduku. Alianzisha mahakama ya watoto.

Ilikwenda hivi. Palikuwa na ubao ukutani. Aliyekosewa aliandika jina lake na jina la anayemshtaki. Majaji walikuwa watoto watano, nao walipatikana kwa kura kutoka miongoni mwa wale ambao wiki hiyo hawakuwa na kesi yoyote. Mtu mzima alikuwa karani tu: alikusanya maelezo ya pande zote, akayasoma mbele ya majaji, lakini kura hakuwa nayo. Vifungu vya sheria vilipewa namba hadi 1000. Vya kwanza 99 vyote vilikuwa vya kusamehe au kuiacha kesi. Kuanzia 100 mahakama haikusamehe tena, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo uzito ulivyoongezeka, hadi 1000, ambacho ni kuondolewa makaoni. Kesi zenyewe zilikuwa zile mnazozijua nyinyi: kanisukuma, kaniita jina baya, kachukua kitu changu bila kuomba.

Mwanzoni mambo yalikwenda mrama. Wapo walioshtaki kwa kukomoana, wapo walioidharau kabisa. Korczak akaisimamisha mahakama kwa wiki nne. Ilipofunguliwa tena ilikuwa imerekebishwa: asiyeridhika na hukumu aliweza kuomba isikilizwe upya baada ya mwezi, na watoto wakapewa haki ya kuwashtaki watu wazima.

Someni tena maneno hayo ya mwisho. Yeye mwenyewe, ndani ya nusu mwaka, alijipeleka mbele ya mahakama hiyo mara tano. Mara moja kwa kumzaba mvulana kibao cha sikio, mara nyingine kwa kumtoa mvulana bwenini, mara kwa kumsimamisha mtoto kwenye kona, mara kwa kumkosea adabu jaji, na mara kwa kumdhania msichana kuwa mwizi. Mtu mzima, daktari, mwandishi ambaye vitabu vyake vilisomwa nchi nzima, anasubiri watoto watano wamwambie kama amekosa. Kila nikifika hapo huwa nakifunga kitabu kwa muda. Namwona mkuu wetu mstarini na ile karatasi mkononi, na najiuliza ingekuwaje kama naye angekuwa na mahali pa kwenda kusema: jana nilimdhihaki mtoto.

Habari ya Korczak ina mwisho mzito, na sitawaficha. Wanazi walipoiteka Poland waliwafungia Wayahudi wa Warsaw ndani ya mitaa iliyozungushiwa ukuta, na makao yakalazimishwa kuhamia humo. Agosti 1942 watoto wapatao 200, pamoja na Korczak, Stefania na walezi wenzao, walipakiwa kwenye treni hadi kambi ya Treblinka, wakauawa. Korczak aliwahi kutafutiwa njia za kuokoka peke yake. Alizikataa.

Mwaka 1978 nchi hiyohiyo ya Poland ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la kuandika mkataba wa haki za mtoto. Kazi ilichukua miaka zaidi ya kumi, na tarehe 20 Novemba 1989 mkataba ukapitishwa. Kenya iliuridhia mwaka 1990, Tanzania mwaka 1991. Ibara ya 12 inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika kila jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, katika ibara ya 4, unasema mtoto asikilizwe moja kwa moja au kupitia mwakilishi asiyeegemea upande wowote.

Kuna waraka mwingine ambao watu wachache wanaujua, nao ndio unaowahusu zaidi nyinyi mnaoishi makaoni. Ni miongozo ya malezi mbadala ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2009. Humo imeandikwa kwamba kila mtoto aliye makaoni awe na mtu anayemwamini wa kumweleza siri zake. Imeandikwa kwamba awe na njia ya kulalamika anayoijua, inayofanya kazi kweli, na isiyoegemea upande. Na imeandikwa kwamba kumzuia mtoto asiwasiliane na familia yake kusitumike kamwe kama adhabu. Kamwe. Nilipolisoma hilo nilikuwa na miaka 23, nimekaa maktaba, na moyo ukarudi moja kwa moja kwa yule bibi kibarazani kwa jirani.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema katika kifungu cha 11 kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu yeyote katika jamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Makao hayawezi kuendeshwa kiholela. Yanatakiwa kuwa na leseni, na afisa ustawi wa jamii ana wajibu wa kuyakagua. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na huko mtu wa kumtafuta ni afisa wa watoto. Polisi Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na ipo namba ya simu, 116, ya bure, inayopokelewa Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi zamani zile hatukuijua. Nyinyi mnaijua sasa.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni: makelele yote haya kwa ajili ya simu ya bibi? Simu ni jambo dogo. Ndiyo, ni dogo, na hapo ndipo penye hatari. Mahali ambapo jambo dogo likisemwa linachekwa, jambo kubwa halisemwi kabisa.

Walijifunza hivyo kwa uchungu huko Wales, nchi iliyo sehemu ya Uingereza. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, watoto katika makao ya kaskazini mwa Wales waliumizwa na baadhi ya watu waliopewa kazi ya kuwalea. Baadhi ya watoto walijaribu kusema. Hawakuaminiwa, au malalamiko yao yaliishia mezani kwa wakubwa wa makao yaleyale. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mtu yuleyule. Jaji Ronald Waterhouse aliongoza uchunguzi mkubwa, ushahidi ukapokelewa kutoka kwa zaidi ya watu 650 waliolelewa humo, na ripoti ikatoka Februari 2000. Moja ya mambo iliyopendekeza ni Wales iwe na kamishna wa watoto, mtu ambaye kazi yake yote ni kusimama upande wao. Kamishna wa kwanza alianza kazi mwaka 2001, na katika kumchagua, watoto na vijana nao walishiriki kuwahoji waombaji. Watu wazima wakakaa kwenye kiti, watoto wakauliza maswali. Nadhani Korczak angependa kuwapo.

England nako kuna sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004: mtoto aliye chini ya malezi ya halmashauri akitaka kulalamika, halmashauri hiyo inalazimika kumpatia mtetezi wa kumsaidia. Na lalamiko lina saa yake. Hatua ya kwanza inatakiwa kujibiwa ndani ya siku 10 za kazi, zikizidi sana 20. Asiporidhika anapanda hatua ya pili, halafu ya tatu. Napenda sana hilo la siku. Lalamiko lisilo na tarehe ya kujibiwa ni kama barua iliyotumbukizwa kisimani.

Sasa, mtetezi ni nani hasa? Si wakili wa mahakamani, ingawa wakili anaweza kuwa mtetezi. Nilimwona mmoja kabla sijalijua hilo neno, na hapa narudi makaoni kwetu.

Alikuja dada mmoja wa chuo, anasomea ustawi wa jamii, kwa miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo. Tulimwita dada wa fildi. Alasiri moja alitukuta tunachambua mchele nyuma ya jiko, akavuta kigoda akachambua nasi. Akamuuliza mwenzangu kwa nini Jumapili hapangi foleni ya simu. Mimi ndiye niliyejibu, nikasimulia yote, pamoja na ile karatasi ya mstarini. Mwenzangu aliendelea kutupa chuya tu.

Dada akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mwenzangu: "Wewe mwenyewe unataka mimi nifanye nini?"

Mwenzangu akanyamaza mpaka mchele wa kwenye ungo ukaisha. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza hivyo.

Dada akamwekea njia zote wazi. Wanaweza kwenda pamoja kwa mkuu. Anaweza kwenda yeye peke yake. Wanaweza kumwandikia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Au wanaweza kuacha, na hakuna atakayemlaumu. Halafu akaongeza neno ambalo naliona la uaminifu mkubwa: "Ila ukiniambia kuna mtu anaumizwa humu, hilo sitaweza kukaa nalo. Nitakwambia wewe kwanza, kisha nitalipeleka."

Mwenzangu akachagua kuandika kwa afisa. Safari hii barua ilikuwa na tarehe. Ilitaja siku aliyochelewa, Jumapili alizokosa, nani alimwambia, nani walikuwepo. Haikuwa na matusi wala porojo. Mwishoni palihitajika kusemwa anachotaka. Dada akapendekeza aandike kwamba mkuu amwombe radhi mbele ya wote, mahali palepale alipochekwa. Macho ya dada yalionesha kwamba alilitaka sana hilo. Mwenzangu akatikisa kichwa. Alitaka mambo mawili tu: simu, na karatasi ya mtoto isisomwe tena mstarini.

"Una hakika?"

"Ndiyo, dada."

Dada akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa radhi, akaandika kama alivyoambiwa. Mlezi mzuri husema kile anachoona kinakufaa. Mtetezi hubeba maneno yako, hata pale yeye angechagua mengine.

Baada ya siku tisa afisa alikuja. Hakuingia ofisini kwanza. Alimwita mwenzangu wakakaa chini ya mwembe, mahali ambapo kila mtu aliwaona na hakuna aliyewasikia. Kisha ndipo akaenda kuongea na mkuu, mlango ukafungwa. Jioni ile fundi aliling'oa sanduku, akalipigilia karibu na mlango wa bwalo, chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka sita. Kufuli likawa jipya. Ufunguo akaondoka nao afisa, na kila mwezi alikuja kulifungua mbele ya watoto wawili tuliowachagua wenyewe.

Haikuwa tamu yote. Mkuu alimnunia mwenzangu kwa siku kadhaa, na yule mlezi wa zamu akaanza kumwita "wakili" kila anapompakulia chakula. Lakini afisa alikuwa amemwambia jambo chini ya mwembe: mtu akikufanyia ubaya kwa sababu ulisema, hilo ni lalamiko jingine, tena zito kuliko la kwanza. Na baada ya wiki mbili alirudi makusudi kumuuliza, unaendeleaje?

Jumapili iliyofuata ujio wa kwanza wa afisa, mwenzangu alipanga foleni. Alikuwa amekosa Jumapili saba. Simu ikaita muda mrefu, akapokea jirani. Tulisikia sauti yake hata sisi tuliokuwa nyuma: "Subiri, yupo hapa kibarazani. Kila Jumapili yupo."

Kimya kidogo, kisha bibi akauliza swali la mabibi wote: "Umekula?"

Mwenzangu hakuweza kujibu mara moja. Alishika simu kwa mikono miwili, na masikio yake yakaanza kutetemeka kama siku ile ya mstarini. Dakika tano zikaisha akiwa hajasema mengi. Mlezi akatazama saa ya ukutani, akatazama foleni. Aliyefuata nilikuwa mimi. Nikamwambia ampe na zangu.